Mtambo wa Kutafuta Husoma Nini? Jinsi Karakana ya Keko Inavyoweza Kupatikana Katika Mtandao

Keko, katika Wilaya ya Temeke, ni mtaa unaojulikana Dar es Salaam nzima kwa useremala. Vitanda, makabati na makochi hupangwa kando ya barabara ili wapitao wavione. Kule Mwenge, katika Wilaya ya Kinondoni, wachongaji wa vinyago nao hufanya vivyo hivyo. Njia hii humfaa mteja anayepita. Lakini mteja aliyeko Bunju au Mbagala, ambaye siku hizi huanza kwa kuiuliza simu yake, hapiti hapo. Yeye huandika maneno machache katika mtambo wa kutafuta, kama vile Google, kisha aghalabu husoma majibu ya juu tu. Fundi asiyeonekana katika majibu hayo, hata awe hodari namna gani, kwa mteja huyo ni kama hayupo. Makala haya yanaeleza jinsi mtambo huo unavyofanya kazi, na mambo ambayo mwenye biashara ndogo anaweza kuyatenda bila gharama kubwa.

Hatua tatu

Watu wengi hudhani kwamba mtambo huzunguka dunia nzima mara swali linapoulizwa. Sivyo. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla ya swali. Kwanza, programu maalumu huzipitia kurasa za mtandao kwa kufuata viungo, kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Ukurasa usiounganishwa na wowote waweza kukaa muda mrefu bila kugunduliwa. Pili, maneno ya kila ukurasa huingizwa katika faharasa. Faharasa hiyo hufanana na ile iliyo mwishoni mwa kitabu cha Biolojia, ambamo neno "moyo" hufuatiwa na namba za kurasa zote zinazoutaja moyo. Tatu, swali likiulizwa, mtambo huifungua faharasa, huchagua kurasa zinazohusika na kuzipanga kwa daraja.

Uzito wa neno

Je, daraja hizo hupangwaje? Mwaka 1972 mtaalamu wa Uingereza, Karen Spärck Jones, alionyesha kwamba neno linalopatikana katika maandiko machache lina uzito zaidi kuliko linalopatikana kila mahali. Tuchukue mfano. Tuseme faharasa ina kurasa 1,000. Neno "samani" limo katika kurasa 100, "Keko" katika kurasa 10, na "na" katika kurasa zote. Gawa jumla ya kurasa kwa idadi ya kurasa zenye neno, kisha tafuta logi ya jawabu, ile ya vipeo vya 10. Kwa "samani" tunapata 10, ambayo logi yake ni 1. Kwa "Keko" tunapata 100, na logi ni 2. Kwa "na" tunapata 1, na logi ni 0. Yaani neno hilo halimsaidii mtafutaji hata kidogo.

Funzo lake ni dhahiri. Tovuti inayojisifu "huduma bora kwa bei nafuu" imetumia maneno ya kila mtu. Inayosema "vitanda vya mninga, futi 5 kwa 6, Keko" imejitambulisha.

Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, walieleza kipimo kingine. Kiungo kinachoelekea ukurasa fulani ni kama kura, na kura itokayo katika ukurasa unaoheshimiwa ina uzito zaidi. Mwaka huo huo waliunda kampuni ya Google. Leo vipimo ni vingi zaidi, pamoja na mahali alipo mtafutaji.

Lugha ya mteja

Kiswahili kina tabia yake. Katika Kiingereza, umoja na wingi aghalabu hutofautiana mwishoni mwa neno, katika Kiswahili hutofautiana mwanzoni: kitanda, vitanda, kabati, makabati. Mtambo unaolinganisha herufi tu hauwezi kutambua kwamba maneno hayo ni jamaa. Mitambo ya siku hizi hujitahidi, lakini si busara kuiachia kazi yote. Aidha, fundi huweza kuandika "samani" hali mteja anatafuta "fanicha". Basi maneno yote mawili yawepo, ndani ya sentensi za kawaida. Kurudia neno moja mara hamsini ili kuuhadaa mtambo ni hila iliyokwisha kujulikana, na huweza kuuteremsha ukurasa.

Mambo ya kutenda

Kila ukurasa uwe na kichwa kinachotaja bidhaa na mtaa. Bei na simu ziandikwe kwa maneno na tarakimu, zisiachwe ndani ya picha peke yake, kwani picha kwa kompyuta ni nukta za rangi, na si kila mara maandishi yake husomeka. Picha zipunguzwe: picha ya megabaiti 4 ni mara 20 ya picha ya kilobaiti 200, na mteja hulipia data hiyo. Karakana iandikishwe pia katika ramani za mtandao, kwa jina na anwani ile ile iliyo katika tovuti.

Hapana budi kutahadhari na anayedai fedha kwa ahadi ya nafasi ya kwanza. Daraja hupangwa na mtambo wenyewe, hubadilika mara kwa mara, na hutofautiana baina ya mtafutaji wa Tegeta na wa Tandika. Matangazo ya kulipia yapo, nayo huwekewa alama. Hayabadili daraja za majibu ya kawaida.

Zoezi kwa wanafunzi

Chagueni aya 10 kutoka vitabu mbalimbali na kuzipa namba. Tengenezeni faharasa ya maneno yake kwenye kadi, kisha kokotoeni uzito wa kila neno kwa njia iliyoelezwa hapo juu. Mwalimu aulize swali la maneno mawili, nanyi mpange aya kwa daraja. Mwisho, jadilianeni: je, aya iliyoshika nafasi ya kwanza ndiyo inayolijibu swali vizuri zaidi?