Simu na Maji ya Chumvi

Barabara ya Kilwa, ipitayo kwenye Uwanja wa Saba Saba jijini Dar es Salaam, ndiyo hiyo hiyo ifikayo Somanga. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Leo mvuvi hulipwa samaki wake kwa simu, na akiba yake imo humo.

Ndugu msomaji, muuzaji wa maonyesho atakusifia kioo. Wewe muulize habari ya chumvi. Simu ikitumbukia baharini, izime upesi, wala usiichaji: chumvi hula shaba, na umeme huuharakisha ulaji huo. Kuianika juani hakuiondoi chumvi. Fundi aisafishe siku ile ile.

Namba ya siri asiambiwe mtu, hata shemeji aliyekuchagulia simu yenyewe. Laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako utazikagua kwa kubonyeza *106#.