Kutoka Kiuu hadi KICC: dakika hupotelea wapi

Mtu wa Kiuu akialikwa kongamano katika jumba la KICC jijini Nairobi, swali lake la kwanza huwa moja: Thika Road itakuwaje? Ni swali la zamani, na jibu lake limebadilika. Tangu Rais Mwai Kibaki alipoifungua rasmi barabara kuu ya Thika mnamo Novemba 2012, kipande cha kutoka Githurai hadi Pangani ndicho kinachotabirika kuliko vingine vyote katika safari hii. Dakika hupotelea kwenye steji kabla gari halijang'oa nanga, na katika kilomita mbili tatu za mwisho baada ya Pangani. Anayetaka kuikuta hotuba ya ufunguzi apige hesabu ya ncha hizo mbili kwanza.

Wadi ya Kiuu, katika eneo bunge la Ruiru, ni ile Githurai 45 ya upande wa Kiambu, kilomita kumi na tano hivi kutoka katikati ya Nairobi. Matatu hapo haina ratiba. Huondoka ikijaa, na hesabu hiyo ya mwenye gari humgusa abiria kuliko kasi ya dereva. Saa kumi na mbili alfajiri gari la viti thelathini na tatu hujaa makanga akiwa bado anapasha sauti. Saa nne, barabara ikiwa nyeupe, gari lilo hilo huweza kukaa hapo hadi dereva anunue gazeti na kulimaliza. Hivyo anayechelewa kutoka nyumbani kwa makusudi ili aikwepe jam hujikuta ameihamishia jam yake kwenye kiti, gari likiwa limesimama.

Dawa yake ni kuyapita magari matupu na kupanda linalokaribia kujaa. Ila angalia vizuri waliokaa ndani. Wapo vijana wanaolipwa kidogo kukalia viti ili gari lionekane liko karibu kuondoka. Ukiona wawili wanashuka mara tu unapoingia, jua bado kuna safari ya kungoja. Kisha uliza maswali mawili kabla mguu haujagusa ngazi: nauli ni ngapi sasa hivi, na gari linafika wapi. La nauli ni kwa sababu bei hupanda na umati na mvua, na iliyotangazwa mlangoni ndiyo utakayodaiwa. La pili lina uzito zaidi. Magari mengine ya Githurai huishia Allsops, mengine Ngara, na hata yanayoitia tao huweza kutangaza “mwisho wa gari” popote foleni inapomkera dereva.

Sasa barabara yenyewe. Ilijengwa kati ya 2009 na 2012 na kampuni tatu za Kichina, China Wu Yi, Sinohydro na Shengli, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, Benki ya Exim ya China na serikali ya Kenya. Mahali pengine ina njia nane za kwenda na kurudi, mbali na barabara za pembeni ambazo matatu huzitumia kupakia na kushusha. Tofauti hiyo ya njia za kati na za pembeni abiria anapaswa kuijua: gari linalookota watu Roysambu, Kasarani na Drive-In hutoka na kuingia pembeni kila mara, ilhali lililojaa tangu Githurai hushika njia za kati na kutoonekana tena hadi Muthaiga. Kwa hiyo kungoja gari lijae kuna faida yake.

Hapo Pangani ndipo hesabu ya wahandisi inapogongana na hesabu ya jiji. Magari yote ya njia zile pana hugawanyika: mengine Barabara ya Murang'a kuelekea Ngara na Globe, mengine Barabara ya Profesa Wangari Maathai, ambayo wakongwe bado wanaiita Forest Road, kuelekea Museum Hill, na mengine Kariokor. Mitaa inayoyapokea haikupanuliwa kwa kiasi kile. Ni gunia la mahindi linalomiminwa kwenye chupa. Kupanua barabara bila kupanua mlango wa jiji kunaifanya foleni ihame tu, na foleni ya Githurai ya miaka ya 2000 ndiyo hiyo sasa iko Ngara. Mabasi ya mwendo kasi yalikusudiwa kuliponya tatizo hili. Mamlaka ya uchukuzi ya eneo la jiji, NAMATA, iliundwa 2017. Mwaka uliofuata mistari myekundu ikapakwa kwenye lami ya Thika Road kutenga njia ya mabasi ambayo hayakuwepo. Rangi ilitangulia, na magari ya kila namna yakaendelea kuikanyaga.

Ukishuka Tom Mboya Street au jirani yake, hujafika. KICC iko upande wa pili wa mji, na hili lina historia. Jengo hilo la orofa 28, lililosanifiwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norway na Mkenya David Mutiso, lilifunguliwa 1973, mwaka ule ule Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa walipokutania hapo, mara yao ya kwanza barani Afrika. Liliwekwa katikati ya ofisi za serikali, karibu na hoteli kubwa. Mjumbe aliyefikiriwa alikuwa atoke Hilton kwa miguu. Matatu, soko na duka la bei nafuu vilikuwa ng'ambo ya Moi Avenue, na kwa kiasi kikubwa viko huko hadi leo. Hata kule, wakuu wa jiji wamewahi kuziona matatu kuwa karibu mno: mnamo Desemba 3, 2018 kaunti ilizifungia nje ya katikati ya jiji, watu wakatembea kutoka pembezoni kwa maelfu, na kilio kilipozidi marufuku ikalegezwa haraka.

Basi tembea. Vuka Moi Avenue hapo penye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa na sanamu ya Tom Mboya, pita jengo lililokuwa Hilton, shika City Hall Way, na ukiliona Kanisa Kuu la Familia Takatifu umekaribia kabisa. Ni dakika kumi au kumi na tano za mguu usio na haraka. Ukishushiwa Ngara, weka karibu nusu saa. Viatu vizuri vya kikao vinaweza kusafiri ndani ya mfuko.

Treni nayo ipo, na wakazi wengi wa Githurai huisahau. Reli hii ilifika Thika 1913, ikaitwa Thika Tramway, nayo ililetwa kwa ajili ya mazao ya mashamba. Inazunguka kupitia Mwiki, Dandora na Makadara badala ya kunyooka. Lakini treni ya abiria ya Ruiru ikishaondoka haina habari na Pangani. Huingia mjini asubuhi na kurudi jioni, hukuacha stesheni kuu, na kutoka hapo unapita Bustani ya Kumbukumbu ya Agosti 7 kuelekea Harambee Avenue. Ubaya wake ni kwamba ukiikosa, umeikosa. Kwa kikao kinachoanza saa mbili au saa tatu, mimi ningeifikiria kabla ya matatu.

Na teksi? Uber ilianza Nairobi 2015, nyingine zikafuata, na ushindani ukashusha bei hadi madereva wakaanza kupiga simu kuuliza unaenda wapi na utaongeza ngapi. Kanuni za 2022 ziliwekea kampuni hizo kikomo cha asilimia 18 ya makato kwa kila safari, lakini mjadala wa simu haujaisha. Faida halisi ya teksi ni mwelekeo: hupita Museum Hill, ikashuka Uhuru Highway na kuikaribia KICC kutoka magharibi, bila kugusa Tom Mboya. Ukiwa na mabango, sampuli au mzazi asiyeweza kutembea, lipa. Bodaboda zisikudanganye, kaunti imekuwa ikizizuia kuingia katikati ya jiji, na utaachwa pembezoni ukiwa na vumbi.

Faida hiyo ya teksi hufutika siku za mikutano mikubwa. Kwenye Mkutano wa Tabianchi wa Afrika, Septemba 4 hadi 6, 2023, polisi walifunga barabara zinazoizunguka KICC. Aliyekuja kwa gari alishuka mbali na kutembea kama aliyekuja kwa matatu, ila yeye alikuwa amelipa zaidi. Kongamano lolote lenye marais, lichukulie hivyo. Beba kitambulisho mkononi. Foleni ya ukaguzi mlangoni nayo ina dakika zake.

Jioni mambo hugeuka. Kikao kikiisha saa kumi na moja, mji mzima unaelekea kwenye steji zilezile, nauli inapanda, na wingu likitanda inapanda tena. Treni huwa haimngoji msemaji wa mwisho. Wengi wa Thika Road huamua kunywa chai mjini hadi saa mbili, foleni ikiwa imepungua na nauli imerudi chini. Ukifanya hivyo, hakikisha na makanga kwamba gari linaingia Githurai. Yale ya Ruiru na Juja hushika njia za kati, na kushushiwa Kahawa usiku, kisha utafute pa kuvukia urudi nyuma, hakufai.