Kutoka: Mungu Anapowaambia Watu Watembee

Wengi wetu tukitajiwa Kitabu cha Kutoka tunakimbilia mapigo kumi na bahari iliyogawanyika. Ni kweli, hapo uwezo wa Mungu unaonekana waziwazi. Lakini mhakiki hana budi kuuliza: katika masimulizi haya mnyonge anafanya nini? Anakaa tu akingoja kuokolewa?

Hebu tuanze na sura ya 5. Farao anaacha kuwapa watu majani ya kufyatulia matofali, ila hesabu ya matofali inabaki ileile. Wanyapara ni Waisraeli wenyewe, nao ndio wanaochapwa hesabu isipotimia. Msanii ameuchora ukandamizaji kwa hesabu na jasho, akaonyesha pia jinsi mtawala anavyomtumia mtu wa ndani kumbana mwenzake.

Hali hiyo si ngeni Upare. Huko Mamba, ambako Waadventista walifungua misheni yao ya kwanza nchini pale Giti mwaka 1903, Maandiko haya yana wasomaji wa siku nyingi. Na milima hiyohiyo iliijua mbiru, kodi ya enzi za ukoloni iliyopanda kulingana na mali ya mtu, huku makadirio yakipitia kwa watawala wa jadi. Watu hawakuyaamini makadirio hayo. Mwaka 1945 maelfu waliteremka hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi wakidai ifutwe. Baadaye wanawake wa Usangi nao wakajitokeza. Mwishowe serikali ikaiondoa. Profesa Isaria Kimambo aliandika kitabu juu ya mkasa huo, kilichotoka mwaka 1971.

Hatudai kwamba mbiru ilipingwa kwa sababu ya Kutoka. Tunasema tu kwamba anayeijua safari ile ya Same ataisoma sura ya 14 kwa jicho kali zaidi. Pale ufukoni Musa anawatuliza watu: wanyamaze, Mungu atawapigania. Mstari unaofuata, Mungu anamgeukia Musa mwenyewe: kilio cha nini? Watu waanze safari. Na wakati huo maji bado hayajagawanyika! Mpangilio huo wa matukio ndio unaobeba dhamira. Uwezo wa Mungu unafungua njia, lakini miguu ni ya watu.

Kwa hiyo, anayekitumia kitabu hiki kuwahubiria wanyonge uvumilivu peke yake ameishia mstari wa 14. Asome na wa 15.