Boi mwenye wajukuu

Kamusi ya Kiswahili husema "boi" ni mwanamume mtumishi wa nyumbani, basi. Wengi hudhani wazee wetu walilisikia neno la Kiingereza "boy", yaani mtoto wa kiume, wakalipotosha. La hasha, walilisikia sawasawa. Katika maandishi ya Kiingereza ya miaka ya 1300, "boy" mara nyingi ni mtumishi, au mtu duni asiye na cheo. Maana ya mtoto wa kiume ilikuja kushika nafasi ya kwanza baadaye. Na bwana wa kikoloni aliyeketi barazani Nairobi akaita "boy!" hakuwa akimwita mtoto. Alimwita mpishi wake, mtu mwenye mke na pengine wajukuu. Kiswahili kikaandika kilichosikika. Wafaransa nao walilichukua neno hilohilo kwa watumishi wa makoloni yao, ndiyo maana limo hata katika jina la riwaya ya Ferdinand Oyono wa Kamerun, Une vie de boy, ya mwaka 1956.

Yupo atakayesema hapa hapana kosa: wanaotumwatumwa kila mahali ni vijana, na jina la umri huhamia kwenye kazi lenyewe. Kweli, "pais" ya Kigiriki cha kale na "puer" ya Kilatini zilimtaja mtoto na zikamtaja mtumwa. Lakini mtumwa mwenye mvi naye aliitwa hivyohivyo, na hapo ndipo hoja hiyo inapovunjika. Mtoto wa umri hukua. Aliyefanywa mtoto kwa sababu ya kazi yake, au rangi yake, haruhusiwi kukua. Wazoa taka weusi wa Memphis, Marekani, waliogoma mwaka 1968 walilielewa hilo vizuri, wakabeba mabango yenye maneno machache tu: mimi ni mwanamume. Wengine watajibu kwamba Waingereza huitana "boy" kwa mapenzi. Huitana, ndiyo, wakiwa marafiki wa hadhi moja. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la wafanyakazi wawili weusi wa Alabama walioitwa hivyo na meneja mzungu, ilikataa kwamba neno hilo likisimama peke yake halina ubaya siku zote: maana yake hutegemea muktadha, sauti, desturi ya mahali na historia ya matumizi.

"Boi" inafifia midomoni mwetu, lakini "hausigeli" na "msichana wa kazi" zipo, na huitwa hivyo mama wa watoto wanne. Wanaopendelea "dada" wana nia njema, na linapendeza kuliko hayo. Hata hivyo udada haudaiwi kwa mkataba. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, humwita "mfanyakazi wa nyumbani", jina lisilogusa umri wake, na chini ya jina hilo humpa mapumziko yasiyopungua saa 24 mfululizo kila wiki.