Je, Wajua? Miaka 39 Kando ya Kitanda

Je, wajua kwamba mwanasoka mzaliwa wa Dakar alikwenda kupasuliwa goti, akapoteza fahamu, na mkewe akamuuguza kwa takriban miaka 39? Jean-Pierre Adams aliichezea Ufaransa mechi 22 kati ya 1972 na 1976, akilinda ngome pamoja na Marius Trésor. Tarehe 17 Machi 1982, wiki moja baada ya kutimiza miaka 34, alilazwa katika hospitali ya Édouard Herriot, Lyon. Siku hiyo kulikuwa na mgomo. Daktari mmoja wa nusukaputi alikuwa na wagonjwa wanane, na Adams akaangukia mikononi mwa mwanagenzi. Mpira wa kupumulia uliwekwa vibaya, ubongo ukakosa hewa. Mahakama ilikuja kutoa kifungo cha nje cha mwezi mmoja na faini ndogo. Hukumu hiyo inauma hata leo.

Mkewe, Bernadette, alikuwa Mfaransa mweupe ambaye jamaa zake waliipinga ndoa hiyo mwanzoni. Mumewe alipoota vidonda vya kulalia hospitalini, alimchukua akamrudisha nyumbani, karibu na Nîmes. Alimvisha, akamwandalia chakula, akazungumza naye kila siku. Sikukuu ya kuzaliwa kwake haikupita bila zawadi. Adams alifariki tarehe 6 Septemba 2021, akiwa na miaka 73.

Je, wajua uzito wa kazi hiyo? Asiyeweza kujisogeza hugeuzwa takriban kila saa mbili, usiku na mchana. Asipogeuzwa, damu haipiti vizuri kwenye makalio na visigino, ngozi hufa, na kidonda chaweza kuchimba hadi mfupani. Mgonjwa akiruhusiwa kutoka wodini kuja nyumbani, hapa mtaani Komarock, Nairobi, zamu ya usiku huwa ya mke au mume. Godoro la hewa linasaidia, ila linatumia umeme, na stima ikipotea usiku mikono ndiyo hubaki. Kwa hiyo jirani wa Phase 2 ya mtaa huu anayekuja kushika zamu moja, ili mwenye mgonjwa alale saa nne mfululizo, namhesabu juu ya mchango wowote wa harambee.

Kule Poland, Gertruda alimgeuza hivyo mumewe, Jan Grzebski, mfanyakazi wa reli aliyepoteza uwezo wa kusema na kusogea mwaka 1988. Mwaka 2007 akaanza kuzungumza tena. Aliyokumbuka ni madukani kukiwa na chai na siki tu. Sasa rafu zilijaa bidhaa, naye alikuwa na wajukuu 11.

Je, wajua kwamba huenda mgonjwa asiyeitikia anasikia? Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake, Uingereza, walimwomba mwanamke asiyeonyesha dalili yoyote ya fahamu afikirie anacheza tenisi. Kwenye picha za ubongo, sehemu inayopanga mwendo iliamka kama ya mtu mzima wa afya. Utafiti mkubwa wa 2024 ulipima wagonjwa 241 wasioitikia maagizo kwa mwili. 60 kati yao waliyatekeleza ndani ya ubongo. Ukiingia chumba cha mgonjwa wa namna hiyo, mwamkue kwa jina, jitambulishe, na usijadili gharama za matibabu juu ya kitanda chake.