Uvimbe Unaocheza Ndani ya Moyo

Katika vijiji vya Matombo, kwenye miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru, kwenda shamba ni kupanda na kushuka. Mtu akianza kuhema, mlima ndio hulaumiwa kwanza. Lakini pumzi inayokata na kurudi kwa kutegemea kama mtu amesimama au amelala inadai uchunguzi wa moyo.

Mara chache, chanzo huwa miksoma, uvimbe usio saratani. Uchunguzi wa maiti huonyesha kuwa uvimbe unaoanzia moyoni hupatikana kwa takriban watu 2 katika kila 10,000, na kwa watu wazima miksoma huongoza aina zisizo saratani. Nyingi huota katika chemba ya juu kushoto, zikining'inia ukutani kama embe kwenye kikonyo. Moyo unapolegea ujae damu, uvimbe hushuka na kuziba vali. Kipande kikimeguka, kinaweza kufika kwenye ubongo na kuleta kiharusi, hata kwa kijana asiye na presha. Homa na kukonda vinaweza kudhaniwa kifua kikuu. Mlio wa moyo wenye uvimbe huu unaweza kufanana na wa vali iliyobanwa na ugonjwa wa moyo wa rumatiki.

Kinachomaliza utata ni kipimo cha eko: mawimbi ya sauti huchora uvimbe ukicheza ndani ya chemba. Dawa haiuyeyushi; uvimbe hutolewa kwa upasuaji. Mwaka 1954, jijini Stockholm, daktari wa upasuaji Clarence Crafoord alifanikiwa kuutoa huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu. Njia ndiyo hiyo hadi leo: moyo husimamishwa, chemba hufunguliwa, uvimbe hukatwa pamoja na shina lake ili usiote tena, kisha tundu huzibwa. Daktari huepuka kuubonyeza kabla ya hapo, usije ukameguka. Wengi hupona, ila huendelea kupimwa eko.

Nchini Tanzania, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza upasuaji wa kufungua moyo mwaka 2008, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ikaanzishwa 2015. Kwa hiyo mgonjwa wa Matombo hahitaji tena kuvuka bahari kwenda India. Anahitaji rufaa ya mapema. Rufaa hiyo huanzia kwa mhudumu wa zahanati anayekataa kuuita uchovu kila mhemo, na kwa daktari anayeandika eko kila kijana anapopata kiharusi kisichoeleweka. Uvimbe huu unatibika, mradi utafutwe kabla haujameguka.