Kasongo: Lutuku na whisky ni ndugu, pipa ndilo linaloachanisha

Huko Marekani na Scotland, watu wanalipa bei kubwa ili kuonja bia kali iliyolala miezi ndani ya pipa la mbao lililobeba whisky. Kasongo, kusini mwa jimbo la Maniema, kuna pombe kali inayopikwa pia ndani ya pipa, lakini la chuma, na mara nyingi inanywewa siku ileile inapotoka motoni. Ni lutuku, wengine wanasema lotoko. Tofauti ya mapipa hayo mawili inagusa ladha, afya ya mnywaji na mfuko wa mama anayeipika.

Bia iliyokuwa ya kumwagwa

Bia ya pipa ilipata jina kwa njia isiyotarajiwa. Kiwanda kimoja cha whisky cha Scotland kilitaka mapipa yake yachukue harufu ya bia. Kiliagiza bia, kikaijaza ndani, na mpango ulikuwa kuimwaga baadaye. Wafanyakazi wakaionja na kukuta imekuwa tamu kuliko ilivyoingia. Hivyo ndivyo bia ya Innis & Gunn ilivyozaliwa mwaka 2003 mjini Edinburgh.

Chicago, kiwanda cha Goose Island kilikuwa kimeanza mchezo huo miaka ya 1990, kwa bia nyeusi nzito yenye nguvu ya asilimia 14 hivi. Primus ao Simba ziko karibu na asilimia 5.

Siri iko ndani ya mbao. Sheria ya Marekani inataka bourbon, whisky inayotokana zaidi na mahindi, ilazwe katika mapipa mapya ya mti wa mwaloni yaliyochomwa kwa ndani. Likitumika mara moja, pipa haliwezi tena kulaza bourbon, basi linauzwa. Mbao zake zimekunywa whisky, na bia inapowekwa humo inaivuta pamoja na ladha ya vanila, sukari iliyoungua na moshi.

Mahindi yaleyale

Jambo ambalo wengi hawafahamu ni kwamba whisky inapotoka motoni haina rangi. Ni nyeupe kama maji, sawa na lutuku. Rangi ya dhahabu inatoka kwa mbao na miaka.

Hata upikaji unafanana. Kwa lutuku, mahindi yanalowekwa mpaka yamee, yanaanikwa na kusagwa, kisha yanachanganywa na muhogo na maji. Mahindi yaliyomea yanageuza wanga wa muhogo kuwa sukari, na chachu inageuza sukari kuwa pombe. Wazungu wanafanya vilevile kwa shayiri. Baada ya siku kadhaa, mchanganyiko unaingia katika pipa juu ya moto, mvuke unapita katika mrija uliopozwa kwa maji, na matone yanaanguka ndani ya bido.

Anayeonja anakutana kwanza na moshi, halafu harufu ya muhogo uliochacha, halafu moto kooni. Nguvu yake inaweza kupita asilimia 50. Hesabu ni rahisi: glasi ndogo ya santilita 7 ina pombe sawa na chupa nzima ya bia ya santilita 72. Anayekunywa glasi nne ni kama amemaliza chupa nne kubwa, tena kwa muda mfupi.

Kwa nini hailazwi?

Pipa la bourbon linabeba lita 200 hivi, sawa na pipa la mafuta tunaloliona barabarani. Ufundi upo, mahindi yapo. Kinachokosekana ni muda, na muda ni makuta. Tangu 2019 shule za msingi za serikali ni za bure, lakini sekondari wazazi wanaendelea kulipa. Mama anayepika lutuku ili mtoto asifukuzwe darasani hawezi kufungia makuta yake ndani ya pipa mwaka mzima.

Tena bia ya chupa inatoka mbali. Inayopakiwa Lubumbashi inapanda treni ya SNCC kupitia Kongolo hadi Samba, na treni hiyo haina siku ya hakika. Kutoka hapo kuna Lualaba ya kuvuka na barabara mbaya, na Kabambare ni mbali zaidi. Kila hatua inaongeza bei. Katika mji wa Kasongo, wenye Waislamu wengi, kuna nyumba nyingi zisizogusa pombe kabisa. Lakini kwa mnywaji mwenye makuta kidogo, lutuku inabaki karibu, ingawa imekatazwa tangu wakati wa Wabelgiji.

Hatari iko wapi

Pipa lililobeba mafuta ao dawa za viwandani linaacha sumu ndani ya pombe, na mrija uliounganishwa kwa risasi vilevile. Sumu inayoogopwa zaidi ni methanoli. Kumwaga matone ya kwanza kunapunguza uchafu, lakini hakuondoi methanoli yote. Vifo vingi kwa mara moja husababishwa na watu wanaoongeza spiriti ya viwandani ili pombe ionekane kali. Nchini Kenya, ambako chang'aa iliruhusiwa kwa sheria ya 2010, watu zaidi ya 60 walikufa mwezi wa tano 2014 kwa pombe yenye methanoli.

Wengine wanapima kwa kuwasha kiberiti: ikiwaka, wanasema ni safi. Si kweli. Methanoli nayo inawaka. Moto unaonyesha nguvu, hauonyeshi usalama.

Dalili zinaweza kuchelewa saa 12 hadi 24: kichwa, tumbo, kutapika, macho kuona ukungu. Mtu akianza kuona vibaya baada ya kunywa, asiachwe alale. Apelekwe hospitali mara moja, na munganga aambiwe wazi alichokunywa. Kuficha kwa sababu ya haya ao kuogopa polisi kunaweza kumgharimu macho ao uhai.

Uganda ilichagua njia nyingine: sheria ya 1965 iliwataka wapikaji wa enguli wauzie kiwanda, kikaisafisha, na ndipo Uganda Waragi ikazaliwa. Kasongo bado haina mnunuzi wa namna hiyo. Kwa sasa ulinzi wa mnywaji unaanzia kwa mpikaji: pipa lisilobeba mafuta wala dawa, mrija usio na risasi, na bido isiyoongezwa kitu.